Mishono Minane kwa Inchi

Kiwandani wananiita Mama Fumua. Hawaniiti hivyo mbele yangu, lakini masikio ninayo. Kazi yangu ni kukagua sare za shule kabla hazijaingia kwenye maboksi, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema maneno mawili tu kwenye ile meza ndefu: "imepita" au "fumua". Nina diploma ya ufundi wa nguo, nina rula ya chuma mfukoni, na nina kidole gumba kinachosoma mshono hata nikiwa nimefumba macho. Mishono minane kwa inchi. Ikiwa saba, fumua. Ikiwa tisa, umebana kitambaa, fumua pia.

Nayasema haya mapema ili ujue aliyemkosea mama yake ni mtu wa namna gani.

Mama alipata kiharusi mwezi wa pili. Mdomo ulirudi siku ya tatu, na sisi tuliomjua hatukushangaa. Mguu ulirudi baada ya wiki sita. Mkono wa kulia ndio uligoma. Vidole vilijikunja ndani ya kiganja vikakaa hapo, kama mtoto aliyeficha peremende na hataki kuulizwa. Na mkono wenyewe ulikuwa wa fundi: kwa miaka arobaini Mama alishonea mtaa mzima, magauni ya harusi, makoti, mapazia, sebuleni kwake, karibu na dirisha. Cherehani yake sasa ilikuwa kwangu, koridoni, imefunikwa shuka. Akipita alikuwa anageuza uso.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye miwani, alimpa mpira laini wa kuminya. Mara mia asubuhi, mara mia jioni. Kisha akanivuta pembeni.

"Dada, nikuambie ukweli?"

"Ndio ninaoutaka."

"Tuna miezi mitatu, tukijitahidi minne. Mkono ukifanya kazi kipindi hiki, vidole vitafunguka. Usipofanya kazi, vitakaza hivyohivyo, na baada ya hapo hata mimi sitaweza kuvifungua."

Mama aliutazama ule mpira njia nzima ya kurudi nyumbani.

"Nina miaka sabini na mbili," alisema tulipofika. "Leo ndio ananipa mpira?"

"Ni mazoezi, Mama."

"Mpe Kasuku acheze."

Kasuku ni binti yangu, ana miaka kumi na mitatu, na jina hilo amepewa kwa sababu ambazo mtaa mzima unazijua. Aliupokea mpira kwa shukrani. Kesho yake tulimkuta nao mbwa wa jirani.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Nilibembeleza, nikafoka, nikabandika ratiba ukutani. Mama alikuwa anaisoma ratiba kama mtu anayesoma tangazo la mnada wa mtu mwingine.

Aliyeleta mfarishi ni Kasuku. Alipanda kiti kutafuta begi juu ya kabati, akavuta kitu kisichotaka kuvutwa, na nyumba nzima tukasikia *krrr*.

"Hiyo ni sauti ya nini?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Hakuna kitu, Bibi!"

"Hakuna kitu huwa hakichaniki. Leta hapa."

Kasuku akauleta, amekumbatia, uso umemshuka. Ulikuwa ule mfarishi wa viraka niliolala ndani yake tangu nikiwa na miaka sita mpaka nilipokwenda chuo. Mama aliushona kwa mkono kutokana na mabaki ya nguo: mashati ya Baba ya mistari, pazia la jikoni la miraba ya njano, gauni lake la kijani, sketi ambayo mteja mmoja hakurudi kuichukua. Ndani uliwekwa blanketi la kijivu, na mgongoni kitambaa cha mifuko ya unga, maandishi yamefifia lakini ukikodoa macho unasoma "kilo hamsini". Sasa katikati ulikuwa umeachama. Blanketi lilichungulia kwenye matundu. Pindo lilikuwa limelika pande mbili, na mishono ya kushikilia tabaka tatu ilikuwa imekatika, hivyo ukiuinua, vyote vya ndani vinaporomokea upande mmoja.

Niliukagua kama ninavyokagua chochote. Viraka tisini na sita. Vilivyochakaa, thelathini na kimoja.

"Mama, huu umekufa."

"Nani amekuuliza?"

"Nakwambia tu. Kama unautaka sana, nitaupitisha kwenye cherehani Jumamosi moja, umekwisha."

"Cherehani itautafuna."

"Basi za kiwandani, zile..."

"Hizo zitautafuna haraka zaidi."

Nilikuwa nafungua kinywa kumjibu, nikauona mkono wake. Ule wa kulia. Ulikuwa umetoka mapajani wenyewe, bila kuamriwa na mtaalamu wala ratiba, umelala juu ya mchaniko. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinajaribu kuzikutanisha zile pande mbili. Havikuweza. Vilijaribu tena.

Nikafunga kinywa. Kasuku naye aliona, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno.

"Tutautengeneza," nilisema. "Kwa mkono. Lakini utashona wewe. Mimi nina kazi."

"Na nani alikuomba?" alisema Mama. Hakuondoa mkono.

Tulianza kwa kuufua. Mama alikaa kwenye kiti uani akitoa amri. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni kidogo, ya kipande, iyeyushwe kwanza. Tukatandika shuka ndani ya beseni kubwa, tukaulaza mfarishi juu yake, ili wakati wa kutoa tuinue shuka. Kitu kizee kikilowa uzito wake wenyewe unakichana. Hakuna kusugua, hakuna kukamua, ni kubonyeza kwa viganja tu. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya mkandaa. Ya pili, chai ya maziwa. Ya nne yakatoka maji. Tukauanika kivulini juu ya viti vinne, umelala, na Kasuku akapewa zamu ya kufukuza ndege. Alihutubia ndege hao mpaka jioni.

Kisha kazi yenyewe, na hapo nilijifunza kitu ambacho diploma haikunifundisha. Mimi ningekata kiraka kilichooza, nikaweka kipya. Mama alikataa katakata.

"Kilichochoka hukitoi. Unakivika kingine juu. Na hicho cha juu kisiwe kipya."

"Kwa nini kisiwe kipya? Kipya kina nguvu."

"Ndiyo maana. Kitamvuta mwenzake mzee mpaka kimchane. Tafuta kitambaa kilichofuliwa mara mia, vichoke pamoja."

Nikatafuta. Shuka za zamani, foronya, gauni langu la ujauzito. Shati la bluu la mume wangu nilikuwa nimeshalikata nilipokumbuka kumpigia simu. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani tunamwona siku sita kwa mwezi.

"Shati langu lile la bluu?"

"Ulikuwa hulivai."

"Nilikuwa nalitunza!"

"Basi linatunzwa."

Tulipokuwa tunapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikilia viraka mahali pake, nilifika kwenye kona moja ya mfarishi nikacheka kwa sauti. Sehemu ndefu kama kiganja hivi, mishono imetawanyika kama mchwa waliomwagiwa maji. Mmoja mrefu, mmoja nusu, mwingine umepanda juu ya kiraka kisichouhusu. Na fundo la mwisho, jamani, kubwa kama punje ya hindi.

"Mama, hii kona ulimpa mlevi?"

"Alikuwa mwanafunzi," alisema Mama, akaendelea kuchagua nyuzi.

"Ulimwacha apite hivi?"

"Nipe ule uzi wa pamba. Huo wa nailoni utoe hapa, unakata kama waya."

Siku zikapata mpangilio. Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alitunga uzi kwenye sindano kumi, akazichomeka kwenye kipande cha sabuni ili ziteleze vizuri. Mama alikaa dirishani, mfarishi umemfunika mpaka miguuni, kopo la biskuti lenye vifaa vyake pembeni. Mimi nilitoka kiwandani saa nane, nikifika yeye anakuwa amepumzika kidogo chumbani. Kiharusi kilimwachia usingizi wa mchana kama wa mtoto mchanga.

Wiki ya kwanza alishona kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukawa jiwe la kukandamizia kitambaa. Wiki ya pili, vidole viwili vya kulia vilianza kushika kitambaa badala ya kukilalia. Wiki ya tatu Kasuku alinipokea mlangoni akirukaruka.

"Mama! Bibi ameshika sindano! Kwa mkono wa kulia! Huu hapa, huu!"

"Umenyamaza ulipomwona, au umempigia kelele mpaka akajichoma?"

"Amejichoma kabla sijapiga kelele."

Kastabini yake, kile kikofia cha chuma cha kidole, ambayo ilikaa kwenye kopo lilelile miezi yote hiyo kwa kuwa kidole hakikunyooka vya kutosha kuivaa, siku hiyo niliikuta mezani, nje. Hospitalini yule kijana mwenye miwani alipima vidole, akaandika, akapima tena. "Sijui mnafanya nini," alisema, "lakini endeleeni." Mama akajiinua kwenye kiti kama aliyetunukiwa cheo.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mchana mmoja nilirudi, nikatengeneza chai, nikakaa kwenye kiti chake dirishani kusubiri aamke. Mfarishi ulikuwa hapo. Kidole gumba changu kikatembea juu ya mstari aliouweka asubuhi. Sikukituma. Kimefanya hivyo miaka kumi na tisa, hakiombi ruhusa. Mshono mmoja haukushika kitambaa cha chini. Huo ni ubovu wa kweli, utafumuka wenyewe, nikauondoa, nikauweka upya. Uliofuata ulishika lakini ulilala upande. Nikaona, kama nimeanza, kwa nini nisiunyooshe na huu.

Nilipomaliza chai nilikuwa nimemaliza mstari mzima. Minane kwa inchi. Nilijisikia vizuri, sitaongopa.

Kesho yake nikafumua mistari miwili. Mpaka mwisho wa wiki ilikuwa kumi na mmoja. Nilijiambia Mama hataona, macho yake si yale. Nilijiambia nafanya kwa faida ya mfarishi, udumu. Mwanamke mzima, nimesoma, nina watu ishirini na wanne chini yangu, na nilidhani tunatengeneza mfarishi.

Jumapili asubuhi, nikiwa nakunja nguo sebuleni, nikasikia kimya. Mama akishona huwa anavuta pumzi puani kila sindano inapopita. Kile kisauti kilikuwa kimekatika. Nilipoinua uso, alikuwa anapitisha kidole gumba cha kushoto juu ya kiraka cha bluu. Taratibu. Akarudi mwanzo, akapitisha tena.

Kidole changu mimi nilikirithi wapi? Hilo sikuwa nimeliwaza.

"Nani amefumua?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imepinda, Mama."

"Najua ilikuwa imepinda. Niliipinda mimi."

Akapitisha kidole kwenye mstari wa pili, wa tatu, akafika wa kumi na moja, na uso wake haukubadilika hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kubadilika. Akachomoa sindano, akaichomeka kwenye sabuni. Akatia kastabini kwenye kopo. Kifuniko cha kopo kilimshinda kwa mkono wa kulia, akakifunga kwa wa kushoto.

"Hongera," alisema. "Mashono mazuri. Maliza mwenyewe."

"Mama, sikumaanisha..."

"Nimesema ni mazuri. Mimi nilikuwa najifurahisha tu, kumbe nakuongezea kazi."

Akanisukumia kopo. Mkono wa kulia ukarudi mapajani. Nikaviona vidole vinajikunja kimoja kimoja.

Kasuku alinisubiri jikoni, mikono kiunoni.

"Mama, umemfukuza Bibi kazi."

"Usiingilie mambo ya watu wazima."

"Hata kiwandani kwenu, mtu akifukuzwa anapewa barua kwanza. Bibi hukumpa hata barua."

"Kasuku."

"Nanyamaza. Lakini umemfukuza."

Nilijaribu. Jumatatu nilimrudishia kopo, nikamwambia, "Mama, nilikosea," maneno ambayo mimi huyatamka kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Akanijibu kwa upole, "Hukukosea, mwanangu. Ilikuwa imepinda kweli." Nikaona bora angenitukana. Jumatano niliweka sindano kumi mezani, akaziangalia mpaka nikaziondoa. Alhamisi nilimnunulia mpira mwingine. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Wiki iliyofuata tulirudi hospitalini. Yule kijana alivuta vidole kimoja kimoja, polepole, na Mama akaguna.

"Vimerudi nyuma," kijana alisema, akinitazama mimi. "Zile kazi za kushona vipi?"

"Muulize mkaguzi," alisema Mama.

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alihesabu wiki kwa midomo. "Zimebaki tano," alisema. "Mama yangu, tano si nyingi. Nikikuona tena hivi, nitakuwa nakupima tu, si kukutibu."

Njiani Mama alitazama nje ya dirisha la teksi, mimi nikatazama mkono wake.

Nilibaki na mfarishi. Alisema nimalize, na mimi nikiambiwa kazi naifanya, sijui namna nyingine ya kukaa na mtu aliyenikasirikia. Kila siku saa nane na nusu nilikaa kwenye kiti cha dirishani, yeye akikaa kwenye kochi mkabala, ameacha hata kulala mchana, anatazama runinga iliyozimwa. Sikugusa mishono yake iliyobaki. Nilishona viraka vilivyobaki, nikaanza pindo. Upande wa kwanza, kona ya kwanza. Upande wa pili.

Siku ya tisa nikafika kwenye ile kona ya mlevi.

Pindo jipya halikuweza kukaa juu ya vurugu ile. Lile fundo lilitunisha kitambaa kama jipu. Nikachukua kijiwembe cha kufumulia, nikaingiza ncha chini ya mshono wa kwanza uliopinda. Sikufikiri. Naapa sikufikiri.

"Hapo acha."

Mama hakuwa amepaza sauti. Kasuku, aliyekuwa anaandika kazi ya shule sakafuni, aliinua kichwa.

"Mama, hapa pindo halitakaa."

"Halitakaa, halitakaa. Acha. Sogea huku nikuonyeshe."

Nikahamia kwenye kochi na mfarishi wangu. Alinishika kidole gumba, akakiweka kwenye mwanzo wa ile kona.

"Soma."

Nikasoma. Mshono, mshono, mshono: mitatu, sawasawa, midogo, safi, mkono wake wa zamani ningeujua popote. Halafu wa nne ukaruka kama chura, na vurugu ikaanza.

"Mitatu ya kwanza ni yako," nilisema.

"Na iliyobaki?"

Nilitazama lile fundo. Kuna vitu mwili unavijua kabla ya kichwa; ncha ya kidole changu ikawasha, mahali sindano ingeingia.

"Ulikuwa na miaka sita," alisema Mama. "Ulinisumbua wiki nzima, nipe na mimi, nipe na mimi. Nikakupa hiyo kona nipumzike. Ulishona siku mbili. Ukijichoma unanyonya kidole, unaendelea. Kamasi mpaka kwenye kitambaa. Ulipolala mchana, nikachukua wembe."

"Wewe?"

"Mimi. Ulidhani umeanza wewe? Wateja wanaingia pale sebuleni, wauone uchafu ule kwangu, fundi mzima? Nikafumua mitatu, nikaishona vizuri. Nikainua uso, umesimama mlangoni."

"Nilisema nini?"

"Hukusema kitu. Uliangalia mikono yako. Halafu ukaificha nyuma."

Kasuku alikuwa ameacha kuandika, amesimama.

"Basi siku nyingi hukugusa sindano," Mama aliendelea. "Nikikuita, unasema hutaki, una kazi. Miaka sita, una kazi. Na mimi nikaogopa. Nilijua nimeua kitu, na nilikuwa nimekiua kwa mishono mitatu."

"Mbona nilishona tena?"

"Iliyobaki sikuigusa. Kila asubuhi nikitandika kitanda, kona yako naigeuzia mlangoni, anayeingia aione. Wakiuliza nani kashona, nasema binti yangu huyo. Wanacheka, nacheka nao, lakini nasema. Siku moja ukaja, umesimama hivihivi, ukaniuliza kama kuna kona nyingine."

Mimi si mtu wa machozi, na hata siku hiyo yalikuja machache, nikayafuta kwa mgongo wa mkono kabla hayajafika kwenye kitambaa, maana chumvi huacha doa.

Nikakunja ile kona upande. Nikageuza mfarishi mpaka kona iliyo wazi bado, nyuzi zinaning'inia. Nikauweka mapajani pake.

"Mama, kuna kona nyingine."

"Naiona."

"Mimi sina nafasi ya kuishona."

"Huna nafasi? Umekaa hapo tangu saa nane na nusu."

"Nimechoka."

"Kidole gumba kimechoka?"

"Hicho hasa. Nataka kukipumzisha."

Alinitazama kwa muda mrefu, yale macho ya fundi anayepima mteja kwa mbali bila futi.

"Na ikipinda?"

"Itapinda."

"Na ile mistari kumi na mmoja niliyofumuliwa?"

"Ukitaka naifumua yangu sasa hivi."

"Wewe na kufumua! Iache, imeshika vizuri. Kasuku, leta ile sabuni yenye sindano, usisimame hapo kama mlingoti."

Alichotaka kwanza kilikuwa kastabini. Kidole cha kati hakikukubali kunyooka. Alikivuta kwa mkono wa kushoto, kikajirudisha, akakivuta tena. Kasuku akasogea kusaidia, nikamkanyaga mguu. Mara ya nne kastabini ikaingia mpaka nusu ya ukucha, imeinama kama kofia ya mtu aliyesinzia, na Mama akasema inatosha.

Mshono wa kwanza ulikuwa mnene kama punje ya mchele. Wa pili ulikimbia kushoto. Wa tatu ulimchukua muda wa kuchemsha birika. Nilijua hivyo kwa sababu nilikwenda kuchemsha birika, nisiwe karibu. Nilirudi, nikakaa, mikono yangu yote miwili nikaiweka chini ya mapaja, nikaikalia.

"Bibi," alisema Kasuku, "huo umepanda juu ya..."

"Nyamaza, mkaguzi."

Kona ile ilichukua siku kumi na sita. Hospitalini vidole vitatu vilifunguka, cha nne nusu, kidogo cha mwisho kilibaki kimejikunja na kinaonekana kimeamua. Kijana mwenye miwani alisema anakikubali na hicho. Siku Mama alipofikia mwisho, aliomba tuzime redio. Kufunga fundo kwa mkono mmoja na nusu si mchezo. Uzi ulimponyoka mara nyingi, mara moja sindano ikaanguka, Kasuku akaiokota, na mimi miguu na mikono ilikufa ganzi kwa kukaliwa. Kisha akavuta, fundo likakaza. Kubwa. Kama punje ya hindi.

"Haya," alisema, akinisogezea. "Kagua."

Nikatoa mkono chini ya paja, nikaukung'uta damu irudi. Nikaweka kidole gumba mwanzoni mwa kona, nikakipitisha taratibu mpaka mwisho. Rula ilikuwa mfukoni, sikuitoa.

"Imepita," nilisema.

"Muongo."

"Mama, nimekagua, nimesema imepita."

"Nimesikia. Muongo mkubwa, wala huoni haya mbele ya mtoto." Aliuvuta mfarishi juu ya magoti yake, mkono wa kulia ukitangulia, vidole vitatu vimeshika kitambaa cha bluu. "Nifunike vizuri basi, miguu imepata baridi. Na hiyo kona igeuzie mlangoni."